Dakika Moja na Nusu ya Debe Tupu

Siku niliyokabidhi funguo za studio pale Lemara, Jeska, binti anayekalia kiti changu sasa, aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi kwa heshima mpaka nistaafu.

"Bi Mwanaidi, usinielewe vibaya. Haya majina ya mwanzo wa filamu tunayohangaika nayo wiki nzima, watu si wanayaruka tu? Kwenye simu kuna kitufe kabisa."

Nilimwambia nitamwandikia, kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko muda wa kungoja chai ipoe. Basi Jeska, na wenzako wote wa pale, someni. Vyeo sitavitaja, maana kwetu vilikuwa viwili tu: mwenye studio, na sisi wengine. Mshahara nao tuuache upumzike.

Mimi sikuanzia kwenye filamu, nilianzia kwenye mabango. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kaloleni, na nilipomaliza darasa la saba nikakosa nafasi ya sekondari, alinishika mkono akanipeleka kwa rafiki yake Fundi Athumani. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwembamba, kofia yake ya kufuma haikosi tone la rangi, na aliandika mabango ya maduka katika kibanda nyuma ya soko kuu.

"Huyu mtoto ana mwandiko mzuri," baba alisema.

Fundi Athumani aliitazama mikono yangu kama mtu anayechagua viazi. "Mwandiko mzuri ni wa barua," akasema. "Hapa tunawaandikia watu wanaopita haraka. Haya, aje kesho."

Wiki nzima niliosha brashi. Harufu ya tapentaini iliniingia kichwani mpaka mama akadhani naumwa malaria. Siku ya nane akanipa ubao na makopo mawili ya rangi, akasema, "Andika KARIBU." Niliandika kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Akasogea nyuma hatua tatu, akauliza, "Karibu ya nani hii?"

Niliutazama ubao, nikamtazama yeye.

"Basi andika karibu ya hoteli ya supu."

Nikaandika herufi nene, nyekundu, zimebanana kama wateja wa asubuhi. Akatikisa kichwa kukubali. "Sasa ya zahanati." Nikaandika. "Sasa ya saluni." Nikaandika. Mchana ule niliandika neno hilo moja kwa ajili ya nusu ya mji, na la mwisho likawa la muuza majeneza. Hapo nilikwama. Nikaamua kufanya herufi nyeusi, kubwa, zenye mapindo na vivuli. Fundi alicheka mpaka akakohoa.

"Mfiwa akiona hii atadhani umefurahi kumwona," alisema. "Muuza majeneza hapigi kelele. Andika ndogo, wima, uache nafasi pande zote. Anayetaka kuingia ataingia mwenyewe."

Herufi ni sita zilezile, lakini mtu anajua anaingia wapi kabla hajazisoma. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na nimeonyeshwa vitabu na mashine za kila aina, na bado sijapata somo lililozidi lile la ubaoni.

Nilikuwa na Fundi Athumani miaka kumi na moja. Ndipo akaja kibandani kijana mmoja mrefu mwenye haraka, jina lake Eliya, ambaye wengi wenu mmemkuta ameshakuwa mzee mwenye haraka. Wakati ule alikuwa akipiga picha za harusi kwa kamera ya kanda. Alikuwa ametengeneza filamu ya mapenzi na majirani zake wa Olasiti, na sasa alitaka jina la filamu na majina ya waigizaji. Kompyuta za kuandika majina kwenye picha zilikuwepo, alisema, lakini zilikuwa Dar. Je, tunaweza kumwandikia kwa mkono?

Tulichukua kioo cha dirisha, tukakipaka rangi nyeusi kwa nyuma, na mimi nikaandika mbele kwa rangi nyekundu, kwa kuwa nilidhani mapenzi ni mekundu. Ilikuwa katikati ya masika. Rangi haikukauka. Kufikia wakati Eliya anawasha kamera, kila herufi ilikuwa imeota ndevu.

"Inachuruzika," nilimwambia.

"Acha hivyohivyo, imependeza," akasema. Alikuwa na haraka.

Filamu ilionyeshwa kwenye banda la video Olasiti. Niliketi pembeni nikiwa na gauni la Idi. Jina likatokea, jekundu, linatiririka, na watu wakavuta pumzi. Akina mama wakawapakata watoto. Kisha mapenzi yakaanza. Wachumba wakachumbiana, wakwe wakakubaliana, keki ikakatwa, na watu bado wamekaza shingo wanangoja. Mwisho mzee mmoja wa safu ya mbele aligeuka akamwuliza Eliya kwa sauti ya kusikika banda zima, "Kijana, hilo jini linatoka saa ngapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilielewa. Ukiandika jina kwa rangi inayochuruzika, umewaahidi watu damu. Hata ukiwapa harusi nzuri namna gani, watarudi nyumbani wakijiona wamepunjwa. Wiki iliyofuata nilimwomba Fundi Athumani ruhusa niende kwa Eliya moja kwa moja, nikajifunze ahadi hizi zinaandikwaje.

"Nenda," alisema. "Lakini brashi yangu namba nne uirudishe."

Sikuirudisha. Mungu amrehemu, naye hakuidai.

Miaka ya vioo ilifuatwa na miaka ya kompyuta, na hapa nakiri kwamba niliugua. Mashine ilikuwa na herufi zinazozunguka, zinazolipuka, zinazoungua moto, na mimi nilizitumia zote, wakati mwingine katika jina moja. Kulikuwa na filamu ya majambazi ambayo kila aliyesaidia alitaka jina lake lionekane, hadi mama mwenye nyumba aliyetuazima geti. Majina yalichukua dakika saba, yakilipuka moja baada ya jingine. Nusu ya ukumbi walitoka kwenda kunywa chai, na waliporudi jambazi mkuu alikuwa ameshakufa, wakadai filamu ianzishwe upya. Tangu siku hiyo nilijiwekea sheria: dakika moja na nusu. Aliyetuazima geti atashukuriwa mwishoni.

Nilijifunza pia kuacha kutazama pazia la kuonyeshea filamu. Katika onyesho la kwanza mimi hukaa nyuma kabisa na kutazama shingo za watu. Filamu ya kutisha ikianza vizuri, shingo zinaingia mabegani. Ya kuchekesha ikianza vizuri, vichwa vinageuka, kila mtu anamtazama jirani yake kuona kama naye amepata. Na ya huzuni ikianza vizuri hakuna kinachosogea, hata anayekula karanga anasahau kutafuna. Mtu anaingia ukumbini na siku yake nzima begani, ameuza, amegombana, ameahirisha jambo. Hizo dakika za mwanzo ndizo za kumvua siku yake na kumvika ya filamu. Na masikio yanavuliwa kabla ya macho, kwa hiyo anzeni na sauti kila mnapoweza.

Sasa nifike kwenye kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Mnamjua Lembris wa Ngaramtoni. Wakati huo nchi nzima ilimjua kama Debe Tupu. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, ana ng'ombe wachache, Mlutheri wa kukaa benchi la tatu, na Eliya alimgundua kwenye sherehe ya kipaimara akiwachekesha wapishi. Alivaa koti kubwa lililofungwa kwa kamba, na alikuwa na dole gumba la kushoto lililopinda nje tangu lilipobanwa na nira ya ng'ombe ujanani. Akiinua dole lile tu, ukumbi unaanguka kwa kicheko. Alicheza zaidi ya filamu ishirini za vichekesho, na majina ya zote niliyatengeneza mimi, herufi nono za njano zinazojikwaa na kuangukiana.

Siku moja Eliya aliniletea mswada mwingine. Filamu iliitwa Sahani ya Tano. Ni habari ya baba mwenye mke na watoto watatu. Kijana wake mkubwa anaenda machimboni na harudi, wala habari zake hazirudi. Kila wakati wa chakula baba anaweka mezani sahani tano, mpaka familia inaanza kuogopa. Hakuna mzaha hata mstari mmoja.

"Baba anacheza nani?" niliuliza.

"Debe," alisema Eliya. "Ameomba mwenyewe. Amenifuata mpaka nyumbani mara tatu."

Walipiga picha, wakamaliza, na niliitengeneza kama nilivyozoea kutengeneza za huzuni: herufi nyeupe zinazofifia taratibu, kinanda kinacholia, na sura ya baba ikitazama mlima. Tukaenda kuijaribu Ngaramtoni, Jumapili alasiri, bure, katika ukumbi wa mtu mmoja karibu na soko. Lembris alikaa safu ya pili, amevaa suti yake ya kanisani, kofia magotini.

Jina DEBE TUPU lilipotokea, watu walipiga makofi. Sura yake ilipotokea, wakaangua kicheko. Kinanda kilipolia, wakacheka zaidi, kwa sababu walidhani na kinanda kinatania. Vichwa viligeuka huku na huku, nami kule nyuma nikajua tumekwisha. Kila alichofanya baba yule kilikuwa kichekesho. Alipoketi kwenye kitanda cha mwanawe akalia, watu walipiga mabenchi, na kijana mmoja akapaza sauti, "Debe, ongeza!"

Lembris alisimama akatoka. Kofia yake ilibaki chini.

Jumatatu Eliya alikuwa ameshaamua. "Tuigeuze," alisema. "Tutoe kinanda, tuweke ngoma, pale kitandani tukate kabla hajalia. Watu wanataka kucheka, tuwape."

"Nipe siku kumi," nilisema.

"Siku kumi za nini? Filamu imeisha. Uigizaji ni huohuo."

"Filamu ni nzuri, Eliya. Mlango ndio mbaya. Nipe siku kumi."

Alilalamika, akanipa. Siku tatu za kwanza nilizipoteza kompyutani. Nilijaribu mwanzo mweusi mtupu. Nilijaribu mvua. Nilijaribu kuandika kabisa kwamba hii ni habari ya huzuni, na hata mimi nilipoisoma nikacheka. Siku ya nne nilichukua ile kofia nikaenda Ngaramtoni kwa mwenyewe.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe. Mkewe alikuwa ameenda shamba. Akaniletea kiti, akaleta chai, na kabla hajanimiminia alikifuta kikombe kwa pindo la shati lake, polepole, kuzunguka ukingo wote, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Niliitazama mikono ile. Kwa filamu zaidi ya ishirini nilikuwa nimeiona ikichekesha, sikuwahi kuiona ikifanya kazi.

"Dada Mwanaidi," alisema, "mwambie Eliya aigeuze tu. Mimi sina kinyongo."

"Kwa nini uliiomba hiyo nafasi?"

Aliweka birika chini. Ng'ombe walikuwa wakitafuna.

"Mama yangu alipofariki," alisema, "nilisimama kaburini nikalia. Nikasikia watu nyuma yangu wanacheka. Usidhani ni wabaya. Ndio waliochimba kaburi, ndio waliobeba jeneza. Lakini wamenizoea. Walidhani naanza." Akaniwekea sukari. "Basi nikafuta machozi, nikageuka, nikawainulia dole. Wakacheka vizuri. Tukazika."

Nilikunywa chai ilivyo ya moto.

"Nikasema siku moja nitalia, na wataniacha nilie," alisema. "Nilidhani filamu itasaidia."

"Una sahani ngapi ndani?" nilimwuliza.

Alinitazama kama aliyesikia vibaya. "Sahani? Zipo za bati. Sita, saba."

"Tano zinatosha. Kesho asubuhi nakuja na Eliya. Usinyoe, usivae koti lile, na usifanye chochote cha filamu."

Eliya alikuja amenuna, kamera begani. Upande ule wa Meru jua huchelewa kwa sababu mlima umelikalia, kwa hiyo saa mbili na nusu jikoni kulikuwa bado na mwanga wa kijivu unaoingia kwa dirisha dogo, mwanga mzuri mno, ambao haununuliwi. Nilimkataza Eliya kupiga sura. Mikono tu, na meza. Kinasa sauti nilikifunga chini ya ubao wa meza, ili sahani ikiwekwa, msikilizaji aisikie tumboni.

Lembris aliweka sahani moja. Ya pili. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha mikono ikasimama. Hili sikumfundisha: aliichukua ile ya tano, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akairudisha rafuni. Mikono ikabaki mitupu juu ya meza. Nikamwona Eliya ameacha kununa. Halafu, baada ya muda mrefu ambao kijana yeyote wa kuhariri angeukata, mikono ikainuka, ikaichukua ile sahani tena, ikaiweka mezani.

"Kata," Eliya alisema, kwa kunong'ona. Sijawahi kumsikia akinong'ona kabla wala baada.

Kinanda nilikitupa. Mwanzo wote ukawa wa sahani na pumzi za mtu. Ila majina yalinisumbua. Kila herufi ya kompyuta niliyoiweka juu ya meza ile ilionekana inauza sabuni. Siku ya nane nilizima mashine, nikafungua droo ya chini, nikatoa brashi namba nne. Nilipaka ubao rangi ya moshi inayolingana na ukuta wa jiko lile, nikaandika majina kwa mkono, meupe, madogo, wima, na nafasi pande zote. Muuza majeneza, hatimaye, alipata karibu yake.

Wewe Jeska ulikuwa na wiki ya pili kazini. Tulikuita uwe wa kwanza kuona, kwa kuwa hukujua lolote. Sahani ya kwanza ikaja, ukaliona dole lile lililopinda, ukajiziba mdomo. "Jamani, dole la Debe!" Ukacheka. Nilikutazama. Sahani ya pili ulikuwa bado unacheka. Ya tano ulikuwa umenyamaza, na ile ilipofutwa uliuliza, "Kwani nani hayupo?"

Eliya aliruka. "Umeona? Dole litatuharibia. Tulikate, tupige mkono wa kulia tu."

"Hapana," nilisema. "Watacheka tu, wamekuja kucheka. Ukikizuia kicheko mlangoni kitaingia dirishani, kitatokea pale kitandani. Tukipe mahali pa kufia. Kizaliwe sahani ya kwanza, tukizike sahani ya tano."

Hapo alikubali. Kwenye jina hakukubali. Nilikuwa nimeandika LEMBRIS.

"Lembris ni nani?" aliuliza. "Nani ataacha kazi zake aje kumtazama Lembris? Debe Tupu ndilo jina linalojaza ukumbi!"

"Ukiandika Debe Tupu baada ya sahani zile, umemfufua maiti."

Tuligombana mpaka fundi wa redio wa chumba cha pili akaja kuamua. Mwisho tulikubaliana hivi: bango la nje, barabarani, liseme Debe Tupu, kubwa, njano, kama kawaida. Pazia la ndani liseme Lembris. Watu waingie kwa huyu, wakutane na yule. Bango nililiandika mwenyewe pia, na nakuambieni lilikuwa tamu, herufi zinajikwaa barabara nzima ya kwenda Nairobi.

Tulionyesha siku ya soko, saa tisa alasiri, ukumbi uleule. Eliya alitaka twende mahali pengine ambapo hawajaiona. Nilikataa, wale waliocheka ndio niliowataka. Walijaa mpaka madirishani: wachuuzi waliokwisha kuuza, wazee waliojifunga mashuka, akina mama na vikapu vya vitunguu miguuni. Lembris alikataa kuketi. Alisimama nje ya mlango wa pembeni, kwenye ujia, asione pazia wala asionekane, nami nikasimama kizingitini karibu naye. "Wakianza kucheka," aliniambia, "mimi naenda nyumbani kwa miguu, na msinifuate." Alikuwa na kofia yake mkononi safari hii, ameishika kwa nguvu.

Taa zikazimwa. Giza. Halafu ule mlio, bati juu ya ubao. Dole likaonekana.

Ukumbi ulilipuka. Walicheka, wakapiga miluzi, wakaita "Debe! Debe!" Nje ya mlango nikamwona Lembris anafumba macho. Nilimshika mkono wa koti, sikuthubutu kuuachia.

Sahani ya pili, bado wanacheka. Ya tatu, kicheko kikapungua upande wa akina mama. Ya nne, mtu mmoja akasema, "Anaandaa chakula huyo." Ya tano ikawekwa, mikono ikasimama, na nikasikia kicheko cha kijana mmoja mbele kikiendelea peke yake, kikijisikia, kikakoma. Mikono ikaichukua ile sahani. Ikaifuta. Ikairudisha rafuni.

Mama mmoja akasema taratibu, "Mungu wangu."

Sahani ikarudi mezani. Yale majina madogo yakapita moja moja. Nilitazama shingo. Hakuna iliyosogea. Jina LEMBRIS likaja, likakaa, likaondoka, na nyuma yake ikaja sura, ile sura ambayo kwa miaka yote nchi hii ilikuwa haiwezi kuitazama bila kuonyesha meno. Ilitazama mlango na kungoja. Ukumbi mzima ukangoja pamoja nayo.

Kule ujiani Lembris alifumbua macho. Alisikiliza. Akainama sikioni kwangu.

"Wametoka?"

"Nani?"

"Watu. Mbona kimya? Wametoka?"

"Wapo," nilimwambia. "Wote wapo, Lembris. Chungulia."

Alichungulia. Aliona migongo mia kadhaa, imetulia kama waumini. Alibaki pale mlangoni filamu nzima, amesimama, na alipolia yule baba kitandani kwa mwanawe, kulikuwa na sauti ya pua zikivutwa ukumbi mzima, na mzee mmoja wa shuka alijifunika uso. Hata mstari mmoja wa filamu hatukuubadilisha. Uigizaji ulikuwa uleule waliopigia mabenchi.

Mengine mnayajua. Filamu ilizunguka Arusha yote, ikaenda Moshi, ikaenda Dar, Lembris akaanza kuitwa kwa jina lake na watu wasiomjua kwa koti, na Eliya mpaka leo husimulia jinsi alivyopata wazo la sahani. Mwacheni asimulie. Ila mkinitaka niseme ushindi wangu kazini ulikuwa lini hasa, ulikuwa jioni ileile, jua bado lipo, mlangoni pa ukumbi ule.

Watu walipotoka, Lembris alikuwa amesimama pale kwa bahati tu, hakupata muda wa kuondoka. Wa kwanza kumfikia alikuwa bibi mmoja mwenye shanga shingoni na fimbo. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Usichoke kuiweka ile sahani. Kijana atarudi."

Eliya alifungua mdomo amweleze bibi kwamba ni filamu, na watoto wa Lembris wote wako nyumbani wazima. Nilimfinya.

"Asante, yeyo," Lembris akamjibu, kama mtu anavyomjibu mama yake. Machozi yakamtoka.

Nyuma ya bibi alikuja mwingine, na nyuma yake mwingine. Hakuna aliyewapanga. Wakajiunga mstari kama wanavyofanya watu wa kule wakitoka kuzika, vikapu mikononi, vijana na wazee, kila mmoja akimpa mkono na kumwambia pole, naye akilia waziwazi mbele ya soko zima, hakufuta, hakugeuka, na hakuna aliyecheka. Nilisimama kando nikiwatazama, kucha zangu bado zina rangi nyeupe, kifua kimejaa mpaka nikaona aibu. Kisha nikaacha kusimama kando. Nikaenda mwisho wa mstari, nikasogea nao hatua kwa hatua mpaka zamu yangu ikafika.

"Pole, Lembris," nilimwambia.

Alinishika mkono kwa ule wa kushoto, wenye dole.

"Nimeshapoa, dada," alisema. "Leo nimeshapoa."